Lami ikiisha: kwa wanaoanza bodaboda pembezoni mwa Dar

Mdogo wangu uliyejifunza pikipiki Temeke au Kinondoni, ipo siku abiria atakwambia "nipeleke Kimbiji ndani", au mzigo utatakiwa Msongola. Kasi uliyozoea kwenye lami huko haikusaidii. Kwanza ujue unakanyaga udongo gani.

Kigamboni, ukishaiacha lami upande wa Kimbiji na Pemba Mnazi, utakutana na mchanga. Wageni huogopa mvua, kumbe mchanga uliolowa hushikana. Mbaya ni ule mkavu wa kiangazi. Tairi la mbele likianza kuyumba, mkono wenyewe utataka kukata mafuta na kubana breki ya mbele. Usikubali! Uzito wote utakuja mbele, tairi litazama, na utalala chini wewe na abiria wako. Punguza gia kabla hujaingia, sogea nyuma kidogo kwenye siti, bana tangi kwa magoti, legeza mikono, na macho yatazame mbali. Mafuta yaende kwa utulivu. Pikipiki itacheza chini yako, iache icheze. Mchanga ukizidi, mshushe abiria atembee hadi panapokanyagika. Akinung'unika, mvumilie, mguu wake ukivunjika ni jambo kubwa zaidi.

Chanika, Msongola na kwenye vilima vya Pugu utakuta udongo wa mfinyanzi, na huo mvua ndiyo huuharibu. Unaganda kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma, basi simama uukwangue kwa kijiti. Ukishuka mlima usishike klachi. Weka gia ndogo, injini yenyewe ikuzuie.

Maji ndiyo ninayoyahofia kuliko vyote. Mto Msimbazi unaanzia huko huko vilimani, kwa hiyo mvua ikinyesha juu, bonde hujaa hata kama ulipo wewe jua linawaka. Usiingize pikipiki mahali ambapo hujapita kwanza kwa miguu. Maji yakiwa na kasi, hata ya magotini tu, geuza. Nauli utaipata kesho. Injini ikizimika majini usipige kiki. Isukume hadi pakavu, kagua chujio la hewa, toa plagi, ndipo upige kiki maji yatoke. Ukishavuka, nenda polepole huku ukigusa breki mpaka zikauke.

Cheni usiikaze kama waya. Iache icheze kama upana wa vidole viwili, maana mzigo ukikaa inajivuta yenyewe, na iliyokazwa sana hula sproketi au kukatika porini. Beba spana, tyubu na pampu. Kofia ngumu ziwe mbili, na kandambili ziache nyumbani.

Bei nayo mpatane kabla hujawasha. Piga hesabu ya mafuta ya kwenda na kurudi, kwa sababu huko ndani mara nyingi utarudi bila abiria, na saa moja jioni giza limeshaingia.