Wengi wape, sasa mbona 1992 ilikuwa tofauti?

SWALI: Mhariri shikamoo, kama demokrasia ni wengi wape mbona hapa Tanzania vyama vingi vililetwa 1992 na wengi walivikataa?

JIBU: Marahaba. Ni kweli, Tume ya Jaji Nyalali, ile ya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vingi, ilizunguka nchi na kama asilimia 80 wakasema chama kimoja kinatosha, ila tume ikapendekeza vingi, maana hao asilimia 20 nao ni raia na chama kimoja kiliwafungia mlango kabisa, wakati vikiwa vingi anayeipenda CCM, chama pekee cha wakati ule, bado anaipigia kura tu. Kwangu hapo ndo uzuri wa demokrasia, mchache nae anasikika. Udhaifu sasa, uchaguzi wa 1995 tuliingia na Katiba ileile ya 1977 ya enzi za chama kimoja, imetiwa viraka tu, na mpaka leo inaniuma sana.