Kibodi Haijui Hesabu: Maswali na Majibu

Programu yangu ya Python inajumlisha namba mbili. Nikiingiza 5 na 3 inaniletea 53. Kompyuta ni mbovu?

Kompyuta ni nzima. Swali hili naletewa kila uchao, na kila mara muuliza ameshailaumu mashine. input(), amri inayopokea kinachoandikwa kwenye kibodi, hurudisha maandishi siku zote, hata ukibonyeza tarakimu tupu. Maandishi "5" na "3" yakikutanishwa kwa alama ya kujumlisha huungwa kama mabehewa. Yageuze kwanza yawe namba kwa int():

namba = int(input("Namba: "))

Tena wewe una bahati, maana 53 umeishtukia. Andika "5" * 3 upate 555, bila onyo lolote. Hapo ndipo mtu anapopeleka jibu la uongo kwa mwenye kazi. JavaScript, lugha nyingine ya programu, nayo ni vituko zaidi: "5" + "3" ni 53, ila "5" * "3" ni 15. Msimu huu huku, msimu ule kule.

Nimeweka int(), lakini mtumiaji akiandika 12.5 programu inakatika.

int() inataka namba kamili; tumia float(), inayopokea namba zenye desimali. Halafu akiandika "kumi na mbili" je? Au akibonyeza Enter tu? Weka try (jaribu), chini yake except ValueError (kosa la thamani likitokea), umuulize upya. Sijaona bado mtumiaji anayeandika kama ulivyotarajia.

Jina la kigeu (jina la kuhifadhia thamani, kama namba hapo juu) linaweza kuanza na tarakimu?

Hapana. Na Umri na umri ni vigeu viwili.

Namba ya simu niihifadhi kama int?

Lini umewahi kujumlisha namba mbili za simu? Ihifadhi kama maandishi, la sivyo sifuri ya mbele itapotea na hutaipata tena. Ikiwa ni pesa, nakuonya kabla hujauliza: usitumie float. 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004, kwa kuwa 0.1 haiandikiki ikakamilika katika mfumo wa jozi, yaani wa 0 na 1 ambao kompyuta huutumia. Hesabu kwa senti, namba kamili.

Programu yangu haifanyi kazi. Nisaidie.

Soma mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa. Kisha usome tena.

Nimefuata somo la zamani. Nikiulizwa jina nikaandika Asha, napata NameError.

Unatumia Python 2, ambayo ilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Humo input() haikupokea maandishi tu. Iliyatekeleza kama msimbo. Ikaona Asha, ikatafuta kigeu kiitwacho Asha, ikakikosa. Sasa fikiri mtu asiyeandika jina, akaandika amri ya kufuta faili zako. Python 3 iliziba tundu hilo, lakini wapo walimu wanaolitoboa upya kwa eval(input()), ambapo eval hutekeleza maandishi kama msimbo, eti ni njia ya mkato ya kupata namba. Ukikuta hiyo ndani ya somo lako, liache hapo hapo.