Niweke sumu gani kwenye nyama?

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mwalimu mstaafu, nafuga kuku wa kienyeji shambani kwangu huku Handeni. Wiki iliyopita, usiku mmoja tu, nimepoteza kuku 23 kati ya 41. Wawili ndio walioliwa, tena vichwa na shingo. Wengine 21 tuliwakuta wamekufa, miili mizima, wana vitundu shingoni. Majirani wanasema ni mnyama anayefyonza damu, wengine wanasema nyegere. Banda lina wavu pande zote na mlango una kufuli. Mizoga tuliitupa korongoni, nyuma ya shamba. Mnadani nimeuziwa chembechembe za zambarau kwenye mfuko wa nailoni, nikaambiwa nichanganye na utumbo wa mbuzi, lakini muuzaji hakunipa kipimo. Naomba kujua kiasi, na kama kuna sumu bora kuliko hiyo.

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na pole sana. Kuku 23 ni ada ya mtoto, najua.

Kipimo sikupi. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza nimalizane na hili la kufyonza damu, maana limenichosha. Kila mwaka napigiwa simu ya namna hii, na kila mwaka kuna kijiji kinacholala na mapanga kumsubiri mnyama ambaye hayupo. Hakuna mnyama huku kwetu anayeingia bandani kunywa damu ya kuku 20 na kuacha nyama. Siku moja nilipasua kuku wa aina hiyo mbele ya baraza la kijiji zima. Nje alikuwa na vitundu viwili vya meno na manyoya makavu. Nilipochuna ngozi ya shingo, damu yote ilikuwa pale, imeganda chini ya ngozi kama ini. Mzee mmoja akasema labda mnyama alishtuliwa kabla hajafyonza. Nikafunga begi langu.

Kilichotokea bandani kwako ni rahisi. Porini mnyama akimkamata kware mmoja, wengine huruka, na uwindaji huishia hapo. Bandani hawana pa kurukia. Wanapiga mabawa, wanapiga kelele, wanamgonga, na yeye kila kinachotikisika mbele yake anakiuma. Akitosheka kuua, anakula mmoja au wawili, anaondoka. Hana chuki na wewe, na wala hakutumwa na mtu.

Sasa, nyegere? Kwa ulivyoeleza, sidhani. Nyegere hana adabu ya kuingia bila kuacha alama. Ana kucha ndefu za mbele za kuchimbia na nguvu zisizolingana na umbo lake. Angepita angeng'oa ubao, angechimba chini ya ukuta, na kama una mizinga karibu ungekuta imeangushwa na masega yametapakaa. Jirani yako mwenye mizinga angekuwa amelia kabla yako. (Na hizo hadithi za nyegere kuwahasi nyati na wanaume, naomba tuziache kijiweni.)

Meno madogo shingoni, vichwa vimeliwa, kufuli halijaguswa, chini hapajachimbwa: mimi ningemshuku kanu. Ni mwembamba, ana madoa na mkia mrefu wenye pete, anapanda mti na nguzo kama paka, na anatembea usiku. Nenda kaangalie juu, Mwalimu, pale bati linapokutana na ukuta. Mafundi wetu huacha uwazi pale kwa ajili ya hewa, halafu mwenye nyumba anahangaika na mlango. Kichwa cha kanu kikipita, mwili unafuata.

Lakini usinichukulie kama mpiga ramli. Leo jioni chekecha jivu, ulinyunyize kuzunguka banda lote na juu ya mbao za karibu na paa, usome asubuhi. Nyayo ndogo za mviringo zisizo na alama za kucha ni za jamii ya paka au kanu, maana kanu naye hurudisha kucha ndani. Kucha ndefu zilizochora mbele ya vidole, hapo ndipo tuzungumze habari za nyegere. Ukiona nyayo kubwa zenye kucha fupi, na manyoya yamesambaa uwanja mzima, usiende porini. Nenda kwa jirani ukaangalie mbwa wake. Nimeshuhudia fungo wawili wakiuawa bure kwa kosa la mbwa wa mwenyekiti wa kitongoji. Na wanaopoteza vifaranga na mayai mchana wasiniulize habari za kanu: huyo ni nguchiro, kenge au mwewe. Vifaranga wakipungua usiku mmoja mmoja bila kelele, fukua kona za banda utafute mashimo ya panya.

Tuje kwenye wavu, kwa sababu sentensi yako, "banda lina wavu pande zote", ndiyo sentensi ninayoisikia kuliko zote. Wavu gani? Naamini ni ule wa matundu ya pembe sita, nyaya nyembamba zilizosokotwa, unaouzwa kwa jina la wavu wa kuku. Jina lake ni sahihi kabisa. Unamzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia mwenye meno asiingie. Nyegere anaurarua, mbwa anausukuma, na kanu mdogo anatafuta palipolegea. Ukishapata kutu mwaka wa pili hata paka wa nyumbani anaweza kuutoboa.

Unachotaka ni wavu wa chuma uliochomelewa kila nyaya zinapokutana, matundu ya nusu inchi. Ni ghali, najua. Basi usizungushie uwanja mzima. Zungushia chumba cha kulala tu, kwa kuwa kuku anauawa anapolala. Wavu upigwe upande wa nje wa mbao. Mafundi wengi hupiga kwa ndani ili banda lipendeze, na mnyama akisukuma, misumari inachomoka yenyewe. Ukipigwa nje, kila akisukuma anaukandamiza kwenye ubao. Chini uzike sentimeta 30, kisha ukunje kuelekea nje kama unatandika mkeka chini ya udongo. Anayechimba huanzia ukutani, atakutana na chuma na hana akili ya kurudi hatua mbili nyuma. Juu, uwazi wa hewa uzibwe kwa wavu huohuo. Kata matawi yanayogusa bati. Na kuku waingie kabla ya magharibi, wahesabiwe, pafungwe.

Kama unapenda zaidi banda la kuinuliwa, inua mita moja, na kila nguzo uivishe kipande cha bati laini ili kucha zisipate pa kushika. Ngazi iondolewe usiku. Wanaacha ngazi! Wanajenga banda la miguu sita kisha wanamwachia mgeni ngazi.

Halafu ile mizoga 21 korongoni. Mwalimu, umeandaa karamu. Mnyama aliyeondoka ameshiba kuku wawili ameandaliwa chakula cha siku nyingi, tena hatua chache kutoka kwenye banda lenye kuku 18 waliobaki, na harufu imewaita bweha, fungo na mbwa ambao hawakuwa na habari na wewe. Nenda na vijana leo, mchimbe shimo la mita moja, mfukie, mweke chokaa. Na hii si kwa walioumwa tu. Kuku wakifa kwa kideri watu hufanya vivyo hivyo, wanarusha nyuma ya nyumba, baadaye wanashangaa porini kumehamia kwao. Nikisema kideri nakumbuka jambo jingine: hao 18 umewachanja? Tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu. Nimewaona watu wakimwinda kanu mwezi mzima kwa sababu ya kuku watano, kisha kideri kikachukua banda lote kwa wiki moja na hawakumwita mtu.

Sasa tufike kwenye mfuko wako wa nailoni.

Chembechembe za zambarau zinazouzwa minadani mara nyingi huwa kabofurani, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Furadani. Ilitengenezwa kuua wadudu na minyoo ya udongoni. Inashambulia mishipa ya fahamu: mnyama anatoka udenda, anatetemeka, misuli inakaza, anashindwa kupumua. Inafanya hivyo hivyo kwa mbwa, kwa ng'ombe, na kwa mjukuu wako atakayeokota utumbo na kunyonya vidole. Kwa hiyo muuzaji hakukupa kipimo kwa sababu hakuna kipimo cha kumuua kanu kikamwacha mbwa. Sumu haichagui mlango wa kuingilia.

Halafu haiishii kwa wa kwanza. Mbwa anakula utumbo, anatapika, kuku wanadonoa matapishi. Bweha anakufa, tumbusi wanashuka. Botswana mwaka 2019, mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu na majangili iliua tumbusi 537 kwa mpigo. Kenya, mwaka 2009, dunia ilipopiga kelele kuhusu simba waliouawa kwa sumu hii, mtengenezaji aliiondoa kwenye maduka ya nchi hiyo. Wafugaji wengi walioitumia walikuwa na uchungu kama wako: wamepoteza mifugo, wana hasira, na kuna mtu amewauzia njia ya mkato.

Mimi mwenyewe niliitwa kwenye kijiji kimoja ambako baba mmoja alitega mapafu ya ng'ombe kwa ajili ya fisi. Asubuhi tulihesabu mbwa wanne, wawili wa kwake, na paka mmoja. Fisi hakuonekana. Usiku wa tatu alirudi akachukua mbuzi, na safari hii hapakuwa na mbwa wa kubweka.

Na hata ungempata huyo kanu wako, nafasi yake haibaki tupu. Chakula kipo, tundu lipo, atakuja mwingine. Katikati hapo panya watapumua, kwa sababu huyo mwizi wako usiku mwingi anakula panya, na ghala lako la mahindi ndilo litakalolipa. Vivyo hivyo kwa wanaoniuliza habari za kumtega hai wakamwachie msitu wa mbali: kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa, na ukimtupa eneo asilolijua unamhamishia mtu mwingine tatizo lako. Kuua kwa sumu ndiko kabisa. Sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009 imekukataza.

Nawaambia na wengine wanaosoma hapa, maana najua mifuko hii iko majumbani. Kiuatilifu halali kina lebo, jina la dawa, kipimo na namba ya usajili wa TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Anayekumiminia kwa kijiko kutoka kwenye ndoo, akakwambia "hii ni ya fungo, hii ni ya nyegere, hii ya panya", anakuuzia kitu kimoja kwa majina matatu. Tena kesho yake hayupo. Mnada umehamia kijiji kingine. Mganga wa hirizi ya banda nina ugomvi naye pia, ila hirizi yake angalau mtoto akiilamba haimuui.

Mfuko wako usiumwage chooni wala mtoni, na usiuchome moto. Vaa glavu, uweke ndani ya chupa ya plastiki yenye mfuniko, andika SUMU, ufungie mbali na jiko, kisha umpigie ofisa ugani wa kata aje auchukue. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika simu.

Na mwambie aliyeokota mizoga ile asubuhi aangalie mikono yake. Kama kuna mtu alimkuta mnyama bandani akamparura au kumng'ata, hata kidogo, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo aulize chanjo ya kichaa cha mbwa. Asisubiri kidonda kipone kwanza.

Ukishasoma jivu, nipigie picha za nyayo, uweke kiberiti pembeni yake nipate kukadiria ukubwa.