Kichwa cha baba yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Mama, wenzangu wanalewa kwa bia tatu, mimi nikinywa nane natembea sawasawa. Ina maana nimerithi kichwa cha baba?" Naam, umekirithi. Ndiyo maana usiku wa jana sikulala.

Baba yako alikuwa akikaa kwenye mbege tangu saa nane mchana, na jioni anarudi kwa miguu yake, anafunga lango, anahesabu fedha za kahawa bila kukosea hata shilingi. Watu walimsifu, nami nilijivunia. Kumbe mwili wake ulikuwa haumpi taarifa! Wenzake wakimaliza kata mbili vichwa vinazunguka, wanaaga. Yeye alihitaji sita ndipo aione raha ileile, na ini halikujali kwamba hapepesuki. Unakumbuka tumbo lake lilivyojaa maji mwishoni.

Huko San Diego, Marekani, daktari Marc Schuckit aliwachunguza vijana ambao baba zao walikuwa walevi. Aliwanywesha pombe kwa kipimo, akaangalia nani inamlevya na nani haimgusi, kisha akawafuatilia kwa miaka kama kumi. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Wale ambao pombe haikuwagusa sana, 56 katika kila 100 walikuja kuwa walevi. Walioilewa upesi, 14 tu. Niliposoma hesabu hiyo nilimwona baba yako.

Nawe una jambo la pili. Tangu utoto unatenda kwanza, kufikiri baadaye. Uliurukia mfereji uliofurika kwa sababu tu uliambiwa huwezi. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayoshika breki, nayo hukomaa kwenye miaka 25 hivi. Wewe una 23. Wengine hunywa kutuliza hofu au huzuni; wewe sivyo ninavyokujua.

Sisemi umeandikiwa. Katika wale 100, 44 hawakufika huko. Ila usijipime kwa mwendo, hesabu chupa. Na kama asubuhi mikono inatetemeka, usiache ghafla ukiwa peke yako, maana unaweza kupata degedege. Nenda hospitali kwanza.

Kuna kitu hukuniambia. Hizo nane ni za Jumamosi tu, au ni za kila siku? Nipigie leo jioni.

Mama yako