Barua kwa mwanangu: Noeli isiyo na nguo mpya

Kigoma, Novemba 2025

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nageuza dagaa, mara ya pili usiku nimekaa peke yangu. Unasema mkataba wa kazi uliisha tangu Septemba, watoto watatu wameshaanza kuulizia nguo za Noeli, na mke wako anaona aibu kuwapeleka kanisani na magauni ya mwaka jana yaliyowapanda magotini. Ukamaliza kwa kuniuliza, "Mama, nikope, au niwaambie nini?"

Usikope. Hiyo mikopo ya kausha damu wanayokupigia simu itakufuata mpaka Januari, na Januari sare na madaftari navyo vitabisha hodi. Kuhusu hilo sina la kuongeza. Swali la pili ndilo limeninyima usingizi, kwa sababu mimi niliwahi kulijibu vibaya, na wewe ulikuwepo.

Unaikumbuka Noeli ya 1996? Ulikuwa na miaka tisa, dada yako sita. Pengine unakumbuka stesheni tu. Ngoja nikueleze ambayo hukuweza kuyaona.

Unajua dagaa huvuliwa gizani. Karabai zinawashwa, dagaa wanaifuata taa, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikitoka taa inakosa nguvu, na boti zinalala mwaloni mpaka giza lirudi. Mwaka ule mwezi mpevu uliangukia tarehe 24 Desemba, siku ya mkesha yenyewe. Tena ng'ambo kulikuwa na vita, Zaire bado ikiitwa Zaire, watu wanavuka ziwa kwa maboti kuja kwetu. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa Novemba ileile. Wavuvi wengi hata giza lilipokuwepo waliogopa kwenda mbali. Wiki nzima baba yako hakuleta kitu nyumbani. Vichanja vyangu vya kuanikia dagaa pale mwaloni Kibirizi vilikuwa vitupu, kuku wanapita juu yake.

Mkaniuliza nguo. Nikawaambia zinakuja na treni, mjomba wenu wa Tabora ameshazituma. Hapakuwa na mjomba aliyetuma kitu. Nilitaka tu jioni ile ipite bila kilio.

Treni ilipoingia mkaondoka bila kuniaga, umemshika dada yako mkono. Mvua ikanyesha. Mkakaa stesheni mpaka mzigo wa mwisho ukashushwa, mpaka mpagazi mmoja akawaambia mrudi nyumbani. Niliwakuta barazani, dada yako ameshika kiatu kimoja cha plastiki mkononi, kamba imekatika. Ukaniangalia ukasema, "Mama, labda wamekosea kuandika jina."

Baba, sentensi hiyo sijaisahau mpaka leo. Mtoto wa miaka tisa amelowa mpaka mifupani, na bado anamtafutia mama yake sababu.

Baba yako, Mungu ampumzishe kwa amani, hakunigombeza. Aliwakalisha kwenye mkeka, koroboi katikati, akasema: "Nguo hakuna. Mwezi umetukuta hatuna akiba. Hamjafanya kosa lolote, na mimi sijawasahau." Dada yako akalia. Wewe ukauliza jambo moja tu, "Na wali?" Akajibu wali upo, na maharage ya mawese yapo. Ukasema, "Haya basi." Kilio cha dada yako hakikufika hata muda wa kusali rozari. Mimi ndiye niliyelia zaidi, nyuma ya nyumba.

Kesho yake akawatoa kwenye huzuni kwa kazi. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba Fransisko wa Asizi, mwaka 1223 pale Greccio, alitengeneza Noeli kwa hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, basi. Baba yako akasema na sisi tunaweza. Mkachukua boksi la sabuni, nyasi kavu, mchanga wa Kibirizi. Punda akachongwa kwenye boya lililopasuka. Wewe ukaongeza mtumbwi wa karatasi mlangoni mwa pango. Nilipokuuliza Yosefu alikuwa na mtumbwi lini, ukasema hapa kwetu watu wanaokimbia wanakuja na boti.

Na magauni? Nilifungua upindo wa gauni la dada yako, nikalishusha vidole vitatu, nikalipiga pasi ya mkaa mara nne. Mstari wa upindo wa zamani haukufutika, ulibaki pale chini rangi yake kali kuliko gauni lenyewe. Mwambie mkwe wangu hivyo hivyo: afungue upindo kabla hajakata tamaa. Aibu yake usiidharau lakini. Mama ndiye anayeangaliwa watoto wakiingia kanisani, wala si wewe, na maneno ya nje ya kanisa anayasikia yeye.

Tulikwenda mkesha bila tochi. Mbalamwezi ilikuwa imeanika njia nzima, tunaona hata kokoto. Benchi letu alikaa mama mmoja wa ng'ambo, amebeba mtoto kwa kitenge, amevaa ndala zisizofanana. Wimbo wa Utukufu ulipoimbwa, baada ya kunyamaziwa Majilio yote, zile wiki za kuingojea Noeli, kengele zikalia na yule mtoto akashtuka. Dada yako akaniuliza kwa sauti, "Mama, na huyu treni haikumletea?"

Hapo nikajua uongo wangu bado uko hai kichwani mwake, ijapokuwa baba yake alishausahihisha. Tulipofika nyumbani nikamwomba msamaha. Wewe ulikuwa umeshalala, kwa hiyo wako nakuomba leo, kwa kuchelewa miaka ishirini na tisa.

Sasa sikia ninavyofikiri. Jumapili hii ya tarehe 30 Majilio yanaanza. Jioni, mkishawasha mshumaa wa kwanza, kaeni nao wote wawili, wewe na mama yao, muwaambie. Usimwachie yeye peke yake ndiye alete habari mbaya. Sema ukweli kwa maneno machache kama alivyosema babu yao. Wiki nne zinamtosha mtoto kulilia gauni na kunyamaza. Ukingoja tarehe 24 umempora na sikukuu pia. Yule mkubwa wa miaka kumi na miwili nadhani ameshajua, watoto wa umri ule wanasikia mkiongea usiku. Mwite pembeni kwanza, siku moja kabla, ili asijione anadanganywa pamoja na wadogo.

Usiwaambie Mungu ndiye hakupenda wapate. Watoto wakimpokea Mungu wa namna hiyo, kumtoa ni kazi. Wala usiahidi "mwakani" kama huoni mwakani kuna nini.

Na wewe mwenyewe nenda ukatubu mapema, kabla foleni ya wiki ya mwisho. Katika ile sauti yako nilisikia mtu aliyejikasirikia. Baba aliyejikasirikia huwakaripia watoto kwa kosa la kumwaga chai.

Jambo jingine, mjini mnasahau kwamba Noeli haiishi tarehe 25. Inakwenda mpaka Ubatizo wa Bwana, ambao safari hii ni tarehe 11 Januari. Kuku wa tarehe 24 anauzwa kama mbuzi. Mle wali na maharage siku yenyewe, kuku awe wa Jumapili ya Familia Takatifu, tarehe 28, ambapo majimbo ya Kanisa yanafunga Mwaka wa Jubilei na watoto watakuwa wamepumzika. Sisi tulifanya hivyo miaka mingi na ninyi hamkujua kama ni umaskini.

Pango watengeneze wenyewe. Usinunue. Kama yule mdogo atataka kuweka bajaji pale mlangoni, mwache aweke.

Mwaka huu mwezi unaandama karibu na tarehe 20 Desemba, kwa hiyo siku zote za kuelekea Noeli zitakuwa giza na boti zitakuwa ziwani. Nitaanika dagaa wangu, nikufungie kiroba kimoja na dumu la mawese la lita tano, vije na basi kabla ya tarehe 22. Dagaa nusu mle, nusu mke wako awapimie majirani. Wa Kigoma hawakosi mnunuzi huko. Hela itakayopatikana iwe ya madaftari. Mzigo ukifika nipigie, nisije nikakaa na wasiwasi.

Watoto waambie kuna mzigo wa bibi unakuja na basi, na waambie kabisa kwamba ndani hamna nguo.

Ni mimi,
Mama yako