Nendeni Ruaha mwezi wa kumi, mto ukiwa umekatika

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukipewa nafasi ya kutembelea hifadhi moja tu, utakwenda ipi, na msimu gani?" Mimi nitarudi Ruaha, tena mwezi wa kumi, jua likiwa kali na mto umekatika.

Wengi watasema kiangazi ni kizuri kwa kuwa majani yamepukutika na wanyama wanaonekana. Ni kweli. Tandala mkubwa na tandala mdogo niliwaona siku moja, na simba walikuwa wamelala chini ya mbuyu wala hawakushughulika na gari letu. Ila mimi ni mkulima wa mpunga, Ubaruku, wilayani Mbarali, na maji ya Mto Ruaha Mkuu, unaopita hifadhini, hupita kwetu kwanza.

Mwaka jana kikundi chetu cha akina mama kilichanga, tukakodi Coaster. Tulitoka Iringa mjini alfajiri, tukapita Idodi na Tungamalenga, kilomita kama 130 hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi. Nilitarajia kuona mto. Nikakuta mchanga, na dimbwi moja la tope la kijani ambamo viboko walikuwa wamebanana mgongo kwa mgongo. Pembeni tembo jike alikuwa anachimba mchanga kwa mguu wa mbele, taratibu, kama mtu anayechimba kisima. Maji yalipojitokeza hakunywa. Aliyavuta yale ya kwanza yenye tope akayamwaga kando, akasubiri. Mtoto wake alijipenyeza apate kunywa, mama akamrudisha nyuma kwa mkonga.

Nikamuuliza kijana aliyetuongoza, "Mwanangu, mto huu huwa hivi siku zote?"

"Hapana, mama. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Ulianza kukatika kiangazi cha 1993."

Akatueleza kwamba mito ya Usangu, bonde letu la mpunga, huingia kwenye kinamasi kikubwa cha Ihefu, na Ihefu hutoa maji kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya ule mwamba, hakuna kinachotoka. Ni maji hayo hayo yanayokwenda kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu kutuletea umeme.

Hapo nikakumbuka mfereji wetu. Mwezi wa saba tumeshavuna, mpunga uko kwenye magunia, lakini maji bado yanatoka kwenye banio, pale yanapochepushwa kutoka mtoni, na kumwagika kwenye majaruba matupu. Sisemi tuache kulima. Mpunga ndio uliosomesha wanangu. Na wenzetu waliohamishwa Usangu kabla eneo lile halijaingizwa hifadhini mwaka 2008 wana machungu yao, siyapuuzi. Ila maji ya kwenye jaruba lisilo na kitu hayamlishi mtu, na kule chini kuna anayeyachimba kwa mguu.

Mwaka huu, siku tuliyomaliza kupiga mpunga, nilikwenda na majirani wawili tukafunga mlango wa mfereji wetu. Watoto walinuna, maana ndimo walimokuwa wakiogelea.

Msomaji wenu, Ubaruku