Nimfungashie nini mwanangu aliyeko Korea?

SWALI: Shangazi, pole na majukumu. Mwanangu yuko Daegu, Korea Kusini, mwaka wa kwanza chuoni. Kila akipiga simu ni habari za chakula tu. Supu zina pilipili, kimchi (kabichi yao iliyochachushwa na pilipili) kila mlo, akikimbilia pizza anakuta imewekwa mahindi na viazi vitamu, na mkate wa vitunguu saumu una sukari! Anataka ugali na dagaa. Mwenzake yuko likizo hapa Mwanza, anarudi mwisho wa mwezi. Nilifikiria kumpa dagaa wa soko la Mwaloni, sembe, michembe (viazi vitamu vikavu) na maembe. — Mama K., Nyegezi

JIBU: Mama K., maembe yaleni nyumbani. Matunda mabichi kule msafiri haingii nayo, nyama nayo haipiti kirahisi. Usimponze mtoto wa mwenzio uwanja wa ndege.

Hiyo pizza hata Wazungu niliosoma nao Busan, huko huko Korea, waliilalamikia, kwa hiyo mwanao hana deko.

Sembe ni mzito bure. Akienda Seoul, maduka ya Waafrika pale Itaewon yana unga. Akinunua dukani kwa Wakorea atafute oksusu garu, na asichukue oksusu jeonbun, maana huo ni wanga mtupu, akiusonga atapata gundi.

Michembe nayo iache. Wakorea huchemsha viazi vitamu, wakavikata na kuvikausha, wanaviita goguma malaengi. Ni matobolwa, ila laini zaidi, na vinauzwa hata vile viduka vya saa 24.

Sasa dagaa. Najua hakuna wa kumshinda wa Mwaloni, lakini Wakorea nao ni walaji dagaa hasa. Soko la Seomun, hapo hapo Daegu, lina wauzaji wa samaki wakavu, na dagaa wao wa baharini, myeolchi, wametengwa kwa ukubwa. Wadogo kabisa hukaangwa na sukari, wakubwa ni wa supu. Achukue wa katikati. Awatoe vichwa na matumbo, awaloweke maji ya vuguvugu kupunguza chumvi ya bahari, awakamue, awakaushe kwenye kikaango bila mafuta mpaka waanze kulia wakigeuzwa. Ndipo mafuta, kitunguu, nyanya. Nyanya asizihangaikie kwenye mboga, kule mara nyingi zinakaa upande wa matunda. Chumvi aonje kwanza.

Wewe mfungashie mwiko. Vijiko vyao vya chuma havisongi ugali, vinapinda. Ongeza na majani ya chai.

Ila kabla ya yote muulize kama bweni lao lina jiko, maana mengi kule hayaruhusu kupika. Kama halina, Jumamosi aende kwa Mtanzania aliyepanga chumba, na vitunguu anunue yeye.